Wiki Sita za Kutafuta Pampu Isiyosikika

Saa nane na robo usiku, nikiwa nimeisoma sentensi ileile kwa mara ya tisa, nilivua vipokea sauti masikioni, nikaweka kiganja juu ya kasha la kompyuta na kulisikiliza kwa mkono. Nje, mtaa wetu wa South B, Nairobi, ulikuwa umelala. Matatu ya mwisho ilikwisha kupita, mbwa wa jirani walikuwa wamenyamaza, na hata mlinzi wa geti alikuwa amezima redio yake. Ndani kulikuwa na mvumo mmoja tu, mwembamba, usiopanda wala kushuka, kama wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Nikaishika pembe ya kasha, nikaliinua kidogo kutoka mezani ili nichungulie chini yake.

Mvumo ukapungua.

Nikalishusha, ukarudi. Nilidhani ni masikio yaliyochoka. Nikazima kila kitu nikaenda kulala, na kwa wiki tano zilizofuata sikulikumbuka tena tendo lile, ingawa sehemu kubwa ya nilichokuwa nakitafuta nilikuwa nimekishika kwa mkono mmoja usiku huo.

Niliyakimbia mapanga

Kazi yangu ni sauti. Nasoma na kuhariri masimulizi ya Kiswahili, hadithi za watoto, mafunzo ya afya, matangazo ya hapa na pale, na nafanya kazi hiyo usiku kwa sababu mchana mtaa wetu haurekodiki. Kompyuta inayorekodi ndiyo hiyohiyo inayochakata video za wateja, na inapochakata hupata moto wa kukaangia vitumbua. Zamani ilikuwa na feni kubwa juu ya prosesa na nyingine tatu kwenye kadi ya picha, nazo zilipoamka nilikuwa nalazimika kuacha kusoma na kwenda kuchemsha chai hadi zitulie.

Kuna jambo moja la Nairobi ambalo wanaoandika maelekezo ya mitambo ya kupoza kompyuta hawalifikirii. Tuko mita 1,700 na ushei juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Feni ileile, ikizunguka kwa kasi ileile, hubeba joto kidogo zaidi huku kuliko pwani, hivyo hulazimika kukimbia zaidi, na ikikimbia hupiga kelele. Sisi hufidiwa na ubaridi wa chumba, hasa mwezi wa Julai, lakini mtu anayetaka kimya Nairobi ana sababu ya ziada ya kutamani kupoza kompyuta kwa maji. Rejeta, ile inayoyapoza maji hayo kama ya gari, pia huhitaji feni, ni kweli, ila rejeta pana huridhika na feni zinazozunguka polepole.

Basi nikanunua mtambo wa kupoza kwa maji uliofungwa kabisa kiwandani, ule ambao pampu yake ndogo hukaa juu ya prosesa yenyewe. Feni zikatulia. Nikafurahi kwa siku nne.

Siku ya tano nikaanza kuisikia pampu.

Feni huvuma kama upepo kwenye makuti: ni sauti pana, yenye masafa mengi yaliyochanganyika, na sikio huisahau baada ya dakika chache kama linavyoisahau mvua. Pampu huimba noti moja. Nilirekodi sekunde kumi za ukimya wa chumba changu na kuzitazama kwenye mchoro wa masafa, nikakuta mlima mmoja mwembamba umesimama kwenye hezi 280, yaani mitetemo 280 kwa sekunde. Pampu ile ilikuwa ikizunguka mara 2,800 hivi kwa dakika, ambayo ni kama mara 47 kwa sekunde, na 47 mara sita hufika pale pale palipokuwa na mlima. Nikakisia kwamba propela yake ina mapanga sita. Nilikuwa nimekimbia mapanga makubwa ya feni nikaenda kujificha kwenye mapanga madogo ya pampu.

Kabla ya kuilaumu, niliitendea haki kwanza. Nilikuwa nimeifunga rejeta chini ya usawa wa pampu, kosa ambalo hewa hailisamehe, kwa kuwa hewa hupanda na kujikusanya mahali pa juu kabisa, na pa juu kabisa palikuwa ndani ya pampu. Nilipoihamishia rejeta kwenye paa la kasha, sauti ya hewa iliyonaswa, iliyokuwa kama mchanga unaomwagwa, ikaisha. Noti ya hezi 280 ikabaki.

Ushauri wa Luthuli

Nilimpelekea mtambo fundi mmoja mzee wa barabara ya Luthuli, mjini, mtu aliyenitengenezea vikuza sauti tangu nikiwa chuoni. Aliusikiliza, akaweka ncha ya bisibisi kwenye pampu na mpini wake sikioni, kama makanika anavyosikiliza injini.

"Kijana wangu," akasema, "hii haijaharibika. Hivi ndivyo ilivyoumbwa."

"Sasa nifanyeje, mzee?"

"Kitu kidogo kikitaka kufanya kazi ya kitu kikubwa, lazima kipige kelele. Nawe unakijua kile wazee walichosema, ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Tafuta pampu kubwa, uiendeshe kama mtu asiye na haraka."

Nilimshukuru, nikamlipa pesa za chai, na kwa ukaidi ambao hadi leo siuelewi vizuri, nikaenda kufanya jambo jingine kabisa. Nilikuwa nimesoma kwamba Wajerumani waliokuwa wakipoza kompyuta kwa maji mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitumia pampu za tangi la samaki, hasa za Eheim: ile 1046 inayosukuma lita 300 kwa saa kwa wati 5, na ile 1048 inayosukuma lita 600 kwa wati 10. Ni pampu zilizoundwa kukaa sebuleni mchana na usiku kwa miaka mingi bila kumuudhi mwenye nyumba. Je, samaki wangekubali kelele?

Pampu ya samaki

Mama anayeuza samaki wa mapambo nilikoenda alinitazama kwa huruma nilipomweleza kwamba sina samaki. Aliniuzia pampu ndogo ya kuzamishwa majini, isiyo ya Eheim, nami nikaiweka ndani ya kopo la lita tano lenye mfuniko, nikatoboa matundu mawili ya mipira ya maji, nikaliweka kopo sakafuni kando ya kasha.

Ilikuwa tulivu mno. Nilirekodi kurasa kumi na moja usiku ule bila kusimama.

Pampu za aina hiyo hunywa umeme wa ukutani moja kwa moja, ule wetu wa volti 240 unaogeuka mara 50 kwa sekunde, na ndani yake hamna cha kuharibika zaidi ya sumaku inayozunguka na koili isiyoguswa na maji. Sumaku hiyo huufuata umeme: mizunguko 50 kwa sekunde, 3,000 kwa dakika, basi. Hauwezi kuiambia ipunguze mwendo. Ukiigusa utahisi mtetemo wa hezi 100, kwa sababu nguvu ya sumaku hufika kilele mara mbili kila umeme unapokamilisha mzunguko mmoja, lakini maji yaliyoizunguka huumeza sehemu kubwa ya mtetemo huo.

Nilikuwa tayari kuandika makala ya kuisifu. Kisha stima ikapotea.

Kompyuta yangu, kama ya kila mtu hapa anayelipwa kwa kazi iliyokamilika, imechomekwa kwenye betri ya dharura, ile UPS inayolia vipi-vipi gizani. Pampu ilikuwa imechomekwa ukutani. Kwa hiyo kompyuta iliendelea kuchakata video kwa bidii huku maji yakiwa yamesimama tuli ndani ya mipira, na sikuelewa kilichokuwa kikitokea hadi prosesa ilipojipunguzia kasi yenyewe kwa kuogopa kuungua. Nikahamishia pampu kwenye UPS, nikangoja stima ipotee tena, na wakazi wa Nairobi wanajua sikungoja sana. Safari hii pampu iliendelea kuzunguka, lakini ilikuwa ikikoroma. Betri za dharura za bei nafuu hazitoi wimbi laini kama la ukutani; hutoa wimbi lenye ngazi, na koili iliyozoea ulaini huzihisi ngazi hizo moja baada ya nyingine, ikanguruma kama mashine ya kunyolea.

Mtu angeweza kusema kwamba stima ikipotea hata mimi siwezi kurekodi, kwa hiyo kelele hainihusu. Niliwaza hivyo kwa siku mbili. Kilichonishinda ni ule wasiwasi wa kuwa na pampu isiyoamka pamoja na kompyuta wala kulala pamoja nayo, inayotegemea nikumbuke swichi ya ukutani. Najijua. Ningesahau.

Hesabu ya joto na maji

Ilinibidi nikae chini na kujiuliza swali nililokuwa nimeliruka: maji kiasi gani yanatosha?

Wengi tunaponunua pampu huangalia namba kubwa, lita elfu moja kwa saa, elfu moja na mia tano, kama anayenunua gari kwa kutazama mwisho wa dashibodi. Lakini kompyuta yangu, prosesa na kadi ya picha zikiwa zimechoka kabisa, hutoa joto la wati 300 hivi. Lita moja ya maji inahitaji takriban jouli 4,186 ili ipande digrii moja. Ukifanya hesabu utaona kwamba maji yakitiririka kwa lita moja kwa dakika, kila digrii yanayopanda hubeba karibu wati 70. Kwa wati zangu 300, maji yataingia na kutoka yakiwa yamepata digrii nne na kitu. Ukiongeza mtiririko hadi lita mbili kwa dakika, tofauti hiyo hushuka hadi digrii mbili na nukta. Ukifika lita nne, inabaki digrii moja na kidogo.

Itazame ngazi hiyo vizuri. Hatua ya kwanza ilinipa digrii mbili. Hatua ya pili, ambayo imedai maji maradufu tena, imenipa digrii moja tu. Hatua ya tatu ingenipa nusu ya digrii, na prosesa yenye nyuzi 65 haina habari na nusu ya digrii.

Bei ya hatua hizo nayo haifanani. Propela ikizunguka kwa kasi maradufu, mtiririko huongezeka maradufu, lakini shinikizo huongezeka mara nne, na umeme unaoliwa huongezeka mara nane. Kinyume chake ndicho kilichonifanya niinuke kitini: ukipunguza kasi hadi nusu, unapoteza nusu tu ya maji, nawe unaipunguzia pampu kazi hadi moja ya nane. Umeme ule uliokuwa ukigeuka kuwa mtetemo na mlio umekwenda zake.

Mzee wa Luthuli hakuwa ameniambia kitu kingine. Aliyasema bila kalamu.

Mbili za Laing

Ukishakubali kwamba unataka pampu kubwa itakayotembea polepole, ya volti 12, inayoamka na kulala na kompyuta, uwanja unabaki mdogo kwa namna ya kushangaza. Mashabiki wa kupoza kwa maji kote duniani hurudi kwenye familia mbili, D5 na DDC, zote zikiwa za Laing, kampuni ya Kijerumani iliyojulikana kwa pampu za kuzungusha maji moto majumbani kabla ya kuingia mikononi mwa ITT na baadaye Xylem. Kinachozitofautisha na nyingine ni kwamba rota yake, ile sehemu inayozunguka, ni kama kikombe kilichoketi juu ya gololi moja ya kauri. Haina shafti inayopita kwenye sili, na maji yenyewe ndiyo mafuta yake. Ndiyo maana huruhusiwi kuiwasha kavu hata kwa ajili ya kuonja sauti dukani.

DDC ni ndogo, inaingia kiganjani, na katika saketi ya maji yenye vizuizi vingi husukuma kwa ukaidi kuliko mwenzake. Lakini hupata joto tumboni, na mlio wake ni mwembamba zaidi. D5 ni nene kama kopo la maziwa ya mtoto. Toleo lake la Vario lina kijigurudumu kidogo nyuma, kinachogeuzwa kwa bisibisi, chenye namba 1 hadi 5: kwenye 1 huzunguka mara 1,800 kwa dakika, kwenye 5 mara 4,800. Kuna toleo jingine linalopokea amri ya kasi kutoka kwenye ubao mama wa kompyuta kwa waya wa pembeni, na nilisita baina ya hayo mawili kwa wiki nzima.

Nilichagua la bisibisi. Sababu zangu si za kitaalamu sana. Pampu inayobadilisha kasi kila prosesa inapopumua hubadilisha noti yake, na sauti inayobadilika ndiyo sikio linayoifuata. Noti isiyobadilika inaweza pia kukatwa kwenye rekodi kwa kichujio chembamba bila kumjeruhi msomaji, ilhali noti inayotembea huacha nyayo kila mahali.

Kuhusu desibeli zilizoandikwa kwenye maboksi, niliacha kuzisoma. Desibeli 25 zilizopimwa kwa umbali gani? Mahali pa wazi, ukiongeza umbali maradufu sauti hushuka desibeli sita, kwa hiyo namba isiyotaja umbali ni sawa na kuambiwa nyanya ni shilingi hamsini bila kujua kama ni kilo au fungu. Simu nayo haikunisaidia. Chumba kikishatulia vya kutosha, kipaza sauti cha simu hubaki kikisikia mvumo wake chenyewe. Nilitumia kipaza sauti changu cha kazi, kikiwa sehemu moja, kwa mpangilio mmoja, na nikalinganisha rekodi na rekodi. Sijui desibeli halisi za chumba changu na sizihitaji.

Pampu iliagizwa kutoka nje, ikakaa njiani siku kumi na tisa, nikailipia kodi ya asilimia 16 kwa uso wa mtu anayelipa kwa hiari.

Kumcheulisha mtoto

Nilijaza saketi kwa maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari, baada ya kuhakikisha kwamba kila chuma kinachoguswa na maji ni cha shaba au nikeli, kwa kuwa shaba na alumini zikikutana majini moja huila nyingine. Kisha nikawasha pampu ikiwa kwenye namba 5, nikakatishwa tamaa papo hapo. Ilisikika kama mtu anayekaanga vitunguu.

Ilikuwa hewa. Povu jembamba lililokwama kwenye mapanga na kwenye kona za rejeta. Kwa saa mbili nilikuwa nikiliinamisha kasha kushoto, kulia, mbele, nikiligonga mgongoni taratibu, na mke wangu alipopita alisema hajawahi kuniona nikimcheulisha mtoto wetu kwa upole kama ule. Asubuhi yake vitunguu vilikuwa vimekwisha.

Kabla ya kufunga saketi nilikuwa nimetaka kuhakikisha ile hesabu yangu, basi nikauelekeza mpira wa kurudi kwenye jagi la uji la lita moja, huku binti yangu akiongeza maji kwenye tangi na mimi nikitazama saa. Kwenye namba 5 jagi lilijaa kwa sekunde 12. Kwenye namba 2 lilijaa kwa sekunde 22. Yaani lita tano kwa dakika dhidi ya lita mbili na nukta saba. Kwa joto la wati 300, pengo la namba hizo mbili halifiki digrii moja.

Nikaiweka kwenye 2. Nikangoja usiku.

Saa saba usiku nilivaa vipokea sauti, nikarekodi sekunde kumi, nikaufungua mchoro. Mlima wa 280 haukuwapo. Mahali pake, chini kabisa, karibu na hezi 85, palikuwa na kilima kingine, kifupi lakini kinene, na nilipovua vipokea sauti nilikisikia kwa tumbo kuliko kwa masikio.

Pesa zote zile, na chumba kilikuwa bado kinavuma.

Meza

Sitaeleza nilivyojisikia. Niliegemea meza kwa viwiko vyote viwili, nikaweka kichwa mikononi, na mvumo ukaja juu kupitia mifupa ya mikono yangu hadi masikioni, mkubwa kuliko ulivyokuwa hewani.

Nikainua kichwa. Ukapungua.

Ndipo nilipoukumbuka usiku ule wa kwanza, na ile pembe ya kasha.

Meza yangu ni ya plaiwudi nyembamba iliyopigiliwa juu ya fremu ya mbao, kazi ya mafundi wa kando ya barabara ya Ngong, na chini yake ni tupu. Ni ngoma. Nilikuwa nimetumia wiki tano kumtafuta mpigaji asiye na nguvu, wala sikuwa nimeitazama ngozi aliyokuwa akiipiga. Kitu kidogo kama pampu hakiwezi peke yake kuitikisa hewa ya chumba kwa masafa ya chini. Hakina upana huo. Kinahitaji ubao wa kukifanyia kazi hiyo. Yeyote anayeishi kwenye ghorofa anaifahamu pampu ya ploti iliyokazwa kwa bolti kwenye zege pale chini: si tu kwamba humsikii mwenzako akizungumza kando yake, bali unaisikia hata ukiwa kitandani ghorofa ya nne, kwa kuwa bomba la chuma linapanda nayo ukutani.

Nilinunua kipande cha sponji ya godoro, masalio ambayo wauza magodoro huyauza kwa bei ya chai na andazi. Jaribio la kwanza halikufaa kitu. Sponji huzuia mtetemo ikiwa tu imebonyea vya kutosha chini ya mzigo, na pampu peke yake ni nyepesi mno kuibonyeza. Ilikaa juu yake kama paka juu ya mto, na mtetemo ukapita. Tena ule mwendo wa polepole niliousifu una deni lake hapa, kwa sababu kadiri masafa yanavyoshuka ndivyo inavyokuwa vigumu zaidi kuyazuia. Nikaifunga pampu juu ya kipande kizito cha kigae cha sakafu kilichobaki tulipokarabati bafu. Kigae na pampu pamoja vikaibonyeza sponji hadi karibu nusu ya unene wake, na ukikigusa kwa kidole kilicheza taratibu kama mtumbwi uliofungwa gatini.

Bado kulikuwa na mvumo, kwa sababu mipira niliyoikata fupi na kuikaza ilikuwa ikiubeba mtetemo ukaruka sponji na kwenda moja kwa moja kwenye kasha. Nikaikata upya, mirefu kwa shibiri moja, laini, yenye kujikunja kabla ya kuigusa rejeta.

Nikawasha. Nikaweka kiganja juu ya meza.

Meza ilikuwa meza.

Masikio ya miaka tisa

Nilimwita mke wangu, naye akasema ndiyo, kimya. Nilimwita binti yetu, ambaye ana miaka tisa na alikuwa ameshika jagi kwa uaminifu, akasimama katikati ya chumba, akafumba macho.

"Baba, bado kuna kitu kinalia. Kidogo. Kama mbu."

Nilitegea sikio. Hakuna. Nikarekodi, nikaupandisha mchoro hadi juu kabisa, na pale juu ya hezi 14,000 palikuwa na uzi mwembamba wa sauti ambao masikio yangu yaliacha kuupokea miaka mingi iliyopita, kama yanavyofanya masikio ya kila mtu kadiri anavyozeeka. Nilichomoa kifaa kimoja baada ya kingine. Pampu haikuwa na hatia. Ilikuwa chaja ya simu, ile ya bei ya kutupa, iliyochomekwa nyuma ya kabati bila simu.

Nimelifikiria hilo zaidi kuliko pampu yenyewe. Hadithi ninazozisoma usiku zinasikilizwa na watoto wa umri wake, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwatumia mbu pamoja na sungura na fisi, nikiapa kwamba chumba changu ni safi. Sasa kabla ya kila kazi mpya ananikagulia chumba, kwa malipo ya shilingi ishirini, na hapokei ahadi.

Siku ya maji

Jumanne iliyopita nilikuwa katikati ya ukurasa wa sita, saa kumi alfajiri, kimya kikiwa kile nilichokihangaikia, nilipoisikia pampu ya ploti. Ilikuwa siku yetu ya mgao. Nimeishi hapa miaka saba na sikuwahi kuisikia kwenye rekodi, kwa kuwa siku zote ilikuwa imefunikwa na mvumo wangu mwenyewe. Sasa ilikuwa imesimama kwenye mchoro kama mnara.

Nilichukua kipande cha sponji kilichosalia, nikashuka ngazi kwa kandambili. Msimamizi wa ploti alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akizilinda valvu.

"Hiyo ni ya nini, mwalimu?"

Nikamweleza. Akaibonyeza sponji kwa vidole viwili, akaitazama pampu, akanirudishia.

"Hii itakufa kwa siku mbili. Mashine hii inataka mpira wa tairi, tena la lori."

Alikuwa sahihi, na aliporudi kutoka nyuma ya geti alikuwa ameshika kipande cha tairi chenye upana uleule wa kitako cha pampu, ambacho alisema amekitunza tangu mwaka juzi akingoja mtu wa kumsaidia kuinyanyua. Tulichokosa ni spana namba 17. Tumeahidiana Jumamosi, maji yakishajaa.